Mlango Usiopenya Risasi: Uhakiki wa Istilahi za Silaha na Chuma

Mbalizi ni mji mdogo ulioko magharibi ya jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Ni mji wa biashara. Mahindi, mpunga na kahawa hupita hapo, na fedha hupita pamoja navyo. Kwa sababu hiyo mafundi wa kuchomelea hawakosi kazi ya milango na madirisha ya chuma. Katika karakana mojawapo tulionyeshwa karatasi ya mteja, mnunuzi wa mazao, aliyeandika kwa mkono wake maneno haya: "Mlango mmoja wa chuma, futi tatu kwa saba, usiopenya risasi." Fundi, mtu aliyezeekea katika kazi hiyo, alitukabidhi karatasi ile kisha akatuuliza: "Ndugu zangu, ninyi ndio watu wa lugha. Hebu nielezeni: risasi gani, na chuma gani?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuona istilahi zikihakikiwa kwa mizani ya sarufi, au kwa mizani ya ufasaha, au kwa kuulizwa kama neno ni la Kibantu, la Kiarabu au la Kiingereza. Leo tunakusudia kutumia mizani nyingine, nayo ni ya fundi: je, mtu akilitegemea neno hili, atapona? Maana nyuma ya mlango ule atalala mtu, na huenda na watoto wake, akiamini kwamba neno lililoandikwa katika karatasi limetimizwa katika chuma.

Sarufi haina kosa

Mmoja wetu alidakia palepale kwamba kosa la mteja ni la sarufi. Alisema kuwa kinachopenya ni risasi, wala si mlango, kwa hiyo "mlango usiopenya risasi" ni mlango usioweza kuitoboa risasi, jambo ambalo ni upuuzi. Akashauri paandikwe "mlango usiopenyeka kwa risasi". Hoja hii tumekwisha kuisikia mara nyingi, na waandishi wa habari wamekwisha kuaibishwa nayo pasipo haki.

Kiswahili kina desturi ya zamani ya kuweka mahali au chombo mbele ya kitenzi, na mtendaji nyuma yake. Twasema "nyumba haiingii maji", na hakuna asiyeelewa kwamba yanayoingia ni maji. Twasema "njia hii haipiti magari" na "saa isiyoingia maji". Basi "mlango usiopenya risasi" umejengwa juu ya msingi uleule, nao ni Kiswahili safi. Umbo la "usiopenyeka kwa risasi" nalo halina kosa, lakini halimzidi mwenzake kwa lolote isipokuwa urefu.

Walakini mfano wa saa unatufundisha jambo jingine. Saa isiyoingia maji, ikiwa ni ya kweli, huandikwa mgongoni kina chake: mita 30, mita 50, mita 100. Mtengenezaji hasemi tu kwamba maji hayaingii. Husema ni maji ya kina gani. Mlango wa Mbalizi hauna kina chake. Hapo ndipo penye kasoro, wala si katika sarufi. Neno "risasi" limeachwa tupu, na neno "chuma" limeachwa tupu, na baina ya matupu hayo mawili mtu amewekwa alale.

Taifa letu si geni katika jambo hili. Katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 watu waliahidiwa kwamba risasi za Wadachi zingegeuka maji. Hatusemi hivyo kwa kuwadhihaki mashujaa wale, ambao ujasiri wao ni sehemu ya heshima yetu. Twasema tu kwamba ahadi ya kinga isiyotaja ni kinga dhidi ya nini imekwisha kutugharimu, nayo haifai kurudiwa kwa sauti ya kiwanda.

Risasi ni nini?

Neno "risasi" tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni jina la madini: yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, yayeyukayo upesi motoni. Zamani za gobori, mwenye bunduki alimimina baruti mtutuni, akatia kitambaa, akasukuma tufe la madini hayo, na fataki ikapachikwa mahali pake pa nje. Kila kitu kilikuwa na jina lake kwa kuwa kila kitu kilishikwa kwa mkono wake. Hapakuwa na haja ya neno moja la kuvitaja vyote pamoja, ila pale baruti ilipopimwa na kufungwa tayari. Na kamusi za zamani zaonyesha kuwa kifurushi hicho kiliitwa "kiasi", yaani kipimo cha mlio mmoja.

Bunduki za kisasa zikaja, na vitu vile vinne vikaungana kuwa kimoja: ganda la shaba au la chuma, fataki kitakoni mwake, baruti tumboni, na kichwa mdomoni. Neno "kiasi" halikuweza kushika nafasi hiyo, kwa kuwa kazi yake ya kutaja wingi wa kila kitu ilikuwa imekwisha kulielemea. "Risasi" likapanda cheo. Leo neno hilo hutaja kitu kizima kinachotiwa bundukini. Hutaja kichwa peke yake kinachotoka na kumpiga mtu. Na bado hutaja madini katika vitabu vya kemia. Hata sheria ya mwaka 2015 inayohusu udhibiti wa silaha huviita vitu hivyo kwa jumla "risasi". Isitoshe, twasema "kalamu ya risasi", ingawa ndani ya kalamu hiyo hamna hata chembe ya madini ya risasi, bali mna grafiti.

Je, tatizo ni kubwa? Sokoni si kubwa. Mtu akisema "walikuta risasi tano", twaelewa. Lakini jaribu kuandika kwa Kiswahili sentensi hii: risasi ya pili ilitoboa bamba kwa sababu risasi yake ilikuwa na chuma ndani ya risasi. Sentensi hii ni ya kweli tupu, na haisomeki. Hapa risasi ya kwanza ni kitu kizima, ya pili ni kichwa, na ya tatu ni madini.

Bahati njema dawa iko mikononi mwa watu wenyewe. Askari wa upelelezi wafikapo penye tukio huokota "maganda ya risasi", nao wakitoa "kichwa cha risasi" ukutani au mwilini huandika hivyo hivyo. Twapendekeza basi desturi hiyo isanifiwe: "risasi" iwe kitu kizima, "kichwa cha risasi" kiwe kile kinachoruka, "ganda" libaki na maana yake, "fataki" na "baruti" virudishwe vilivyokuwa, na kemia iseme "madini ya risasi" kila inapohitajika kuepusha utata. Ndani ya kichwa pana sehemu mbili zaidi zinazodai majina, nazo twaziita "utando", yaani ile nguo nyembamba ya shaba au chuma ya nje, na "kiini", yaani kilichomo.

Ukubwa unavyodanganya

Tukisha kuwa na majina hayo, twaweza kuitazama hoja ya fundi. Mteja alipoulizwa ni risasi gani aliyoikusudia, alijibu, "Ile kubwa." Jibu hili ndilo la wengi wetu, nalo ni la hatari.

Tuchukue risasi chache zinazojulikana. Jägerbüchse ya mwaka 1871 na bunduki za ukoo wake, ambazo askari wa Kijerumani walizibeba katika nyanda zetu za Iringa na ambazo wengi wao walikuwa nazo bado vita vilipoanza mwaka 1914, zilitupa kichwa cha madini ya risasi matupu, chenye kipenyo cha milimita 11 na uzito wa gramu 25, kwa kasi ya mita 435 hivi kwa sekunde. Bunduki ya Kiingereza ya .303, iliyotumiwa na King's African Rifles, hutupa kichwa cha gramu 11 na ushei kwa mita 744. Bunduki ya aina ya Kalashnikov, ambayo kwetu huitwa SMG, hutupa gramu 8 kwa mita 715. Risasi ya majeshi ya Magharibi ya milimita 7.62 hutupa gramu 9.5 kwa mita 840 hivi. Risasi nyembamba ya Kimarekani ya milimita 5.56, ya umbo lake la miaka ya 1960, hutupa gramu 3.6 tu, lakini kwa kasi ya mita 990. Na ile ya .458, ambayo askari wa wanyamapori huwapigia tembo na nyati, hutupa gramu 32 kwa mita 640 hivi.

Nishati ya mwendo hupatikana kwa kuzidisha nusu ya tungamo kwa kasi mara kasi. Kwa hesabu hiyo risasi ya tembo hubeba zaidi ya jouli 6,500. Ile ya 7.62 ya Magharibi jouli 3,300, ya.303 jouli 3,100. Ya Kijerumani ya zamani jouli 2,400. Ya SMG jouli 2,000. Na nyembamba ya 5.56 jouli 1,750 hivi, yaani ya mwisho kabisa. Kama "kubwa" ingekuwa istilahi ya kutosha, mlango uliomzuia tembo ungezuia kila kitu.

Lakini bamba la chuma halina mwili wa tembo. Chuma huuliza nishati hiyo imekusanywa mahali padogo kiasi gani, imefika kwa kasi gani, na imefikishwa na kitu kigumu kiasi gani. Gawanya nishati kwa eneo la kichwa. Risasi ya Kijerumani ya zamani yapata jouli 24 kwa kila milimita mraba, ya SMG 41, ya tembo 62, ya.303 zaidi kidogo ya 63. Na zile mbili za mwisho, nene ya 7.62 na nyembamba ya 5.56, zote zafika 69 hivi. Hapo ya mwisho imekwisha kuwa sawa na ya kwanza.

Tena kasi ina hila yake. Kichwa chenye kiini cha madini laini kikigonga chuma kigumu kwa kasi kubwa, madini hayo hutanda kama maji ya bomba yagongayo ukuta, na shinikizo lake juu ya bamba hukua kwa kipimo cha kasi mara kasi. Kwa hiyo majaribio mengi yaliyofanywa Marekani juu ya mabamba magumu ya milimita 6 yameonyesha jambo la kushangaza: bamba linaloizuia risasi ya 7.62 ya Magharibi hutobolewa kwa karibu na ile nyembamba ya 5.56, ingawa ndani yake hamna chuma. Nayo risasi ya tembo, ikiwa ni ya ncha laini, husambaa juu ya bamba hilo kama tope.

Haya si mambo ya kupendeza kuyafikiria, lakini ni ya lazima kwa mwana-istilahi. Yanatuonyesha kwamba "risasi kubwa", "risasi kali" na "bunduki nzito" si majina ya vitu, bali ni majina ya hofu zetu. Hata namba haitoshi ikikatwa. Mtu akisema "saba nukta sita mbili", bado hajasema, kwa kuwa risasi ya SMG na ile ya Magharibi zote zina kipenyo hicho. Zinatofautiana kwa urefu wa ganda, milimita 39 na milimita 51, na tofauti hiyo ndiyo tofauti ya baruti. Twapendekeza basi kwamba katika maandishi rasmi risasi itajwe kwa kipenyo na urefu wa ganda, hivi: "risasi ya 7.62 kwa 39", kisha kiini kitajwe: "yenye kiini cha chuma" au "yenye kiini cha madini ya risasi".

Chuma nacho si kimoja

Watu wa Nyanda za Juu za Kusini hawahitaji kufundishwa kwamba chuma si kimoja. Wanyiha wa Mbozi na Wakinga wa milima ya Livingstone waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru zao miaka mingi kabla ya kiwanda chochote kujengwa. Na huko Mbozi, ambako sasa ni mkoa wa Songwe, limelala pande la Kimondo, lenye chuma asilimia tisini hivi na nikeli asilimia nane hivi, ambalo halikuchomwa na fundi yeyote wa dunia.

Kiswahili cha zamani kilitofautisha. "Chuma" kilikuwa jina la jumla. "Pua" kilikuwa chuma kilichokazwa. Na "feleji" ni kile bora cha kufulia panga. Leo "chuma cha pua" kimebaki vitabuni, na karakanani mafundi husema "shiti" wakiwa na maana ya bati jembamba, na "pleti" wakiwa na maana ya bamba nene. Maneno haya mawili hutaja unene tu. Hayasemi lolote juu ya ugumu. Fundi wa Mbalizi alitufahamisha kwa mfano: alichukua kipande cha pleti na kipande cha springi ya gari, vyenye unene uleule, akavipiga tupa. Pleti ilikatika unga. Springi iliifanya tupa iteleze.

Tofauti hiyo ina namba. Kwa kipimo cha Brinell, chuma laini cha milango huzidi kidogo 100, na mabamba ya kinga hufika takriban 500. Risasi ya SMG hulitoboa kwa karibu bamba laini la milimita 6, na aghalabu huzuiwa na bamba gumu la unene huohuo. Anayeuza la kwanza kwa jina la la pili hauzi mlango, bali anauza pazia zito.

Jina la hilo la pili tunalo, wala halikuhitaji kuundwa. Ni "deraya". Neno hili lilitaja vazi la vita tangu zamani, na jeshi letu limelihifadhi katika "magari ya deraya". Twapendekeza "bamba la deraya" liwe istilahi ya chuma kilichokazwa na kupimwa kwa ajili ya kuzuia risasi, na mlango uliotengenezwa kwa bamba hilo uitwe "mlango wa deraya". Milango mingine yote ibaki kuwa milango ya chuma, na hiyo si aibu kwao.

Vitenzi vinne

Limebaki neno "kupenya". Wapo wanaopenda kuunda istilahi moja ya mkato, mathalani "kinga-risasi", ili waepukane na sentensi ndefu. Sisi twaona kwamba mkato huo unatupa mali. Chuma kikipigwa risasi, mambo manne huweza kutokea, na Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja. Bamba hubonyea, yaani huingia ndani pasipo kutoboka. Hutoboka, yaani kichwa chote au kiini hupita. Humeguka, yaani upande wa nyuma hutupa vipande ingawa kichwa chenyewe hakikupita. Na kichwa hudunda au husambaa, kikirusha vibanzi pembeni.

Mlango unaweza kuwa haukupenya, na bado mtu aliyesimama nyuma yake akaumizwa na kipande kilichomeguka, au aliyesimama kando akaumizwa na kibanzi. Nomino moja nzuri ingeyafunika yote hayo. Vitenzi vinne vinayafunua. Wakati mwingine kazi ya mwana-istilahi si kuongeza neno, bali ni kuyazuia yaliyopo yasizikwe.

Tusidhani kwamba utata huu ni wa lugha changa. Huko Marekani, Taasisi ya Taifa ya Haki ilikuwa na daraja la kinga lililoitwa "la tatu", ambalo katika toleo la mwaka 2008 lilipimwa kwa risasi ya 7.62 kwa 51 peke yake. Watu wakaamini kuwa kinachoizuia hiyo huzuia na zilizo ndogo kuliko hiyo. Risasi nyembamba ikawasuta. Mwaka 2023 taasisi hiyo ikabadili majina ya madaraja, na daraja la kwanza la bunduki likatajiwa risasi zake kwa majina: ya 7.62 kwa 51, ya 7.62 kwa 39, na ile ya 5.56. Walikuwa na maabara na fedha, na bado istilahi tupu iliwapotosha.

Twaomba basi Shirika la Viwango na Baraza la Kiswahili, ambavyo kila kimoja kina wajibu wake wa kisheria juu ya vipimo na juu ya maneno, viyatazame mapendekezo haya kwa pamoja. Kwa muhtasari, twataka tangazo lolote la kinga litaje mambo manne: risasi kwa kipenyo na ganda lake, kiini cha kichwa, umbali, na bamba kwa unene na ugumu wake. Lisilotaja hayo lisiruhusiwe kutumia neno "deraya".

Na ule mlango? Fundi hakungoja mapendekezo yetu. Alimwita mteja wake akamwambia, "Mzee, pleti niliyo nayo ni ya milimita tatu. Hii itamshinda mwizi mwenye mtaimbo. Bunduki haitaishinda." Mteja alinyamaza kitambo, akatazama barabara, kisha akauliza kama fedha za mazao zisingekaa salama zaidi benki. Fundi akachukua chaki, akafuta maneno mawili ya mwisho katika oda iliyokuwa imenakiliwa ubaoni, akaandika mahali pake: "wa kuzuia mtaimbo."

Hatujapata kuona istilahi iliyosanifiwa kwa uaminifu kuliko hiyo.